Roboti Yangu, Ndondocha Wangu: Umilikaji na Sarufi katika Masimulizi ya Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mhakiki anayetafuta katika fasihi ya Kiswahili kisa cha roboti mwenzi anayeanza kumponyoka mwenyewe hana budi kwanza kuiweka mitambo kando. Kisa hicho kipo, na ni cha zamani. Mhusika wake mahali pengi huitwa msukule. Katika nchi za kusini, na hata ng'ambo ya ziwa nchini Malawi, huitwa ndondocha. Hatukusudii kuijadili imani yenyewe, ambayo imewaponza wazee wasio na hatia. Tunaisoma kama hadithi.

Muundo wake unafahamika. Mtu hudhaniwa amekufa, kumbe amechukuliwa. Hukatwa ulimi, hulishwa pumba, na usiku hulima shamba la mwingine. Anayeijua kazi ya kuchimba ngoro katika miteremko ya Mbinga, shimo baada ya shimo, hatashangaa kwamba fikra za watu zilimbuni mkulima asiyechoka wala kudai ujira. Jina roboti nalo halikuzaliwa mbali na hapo. Karel Čapek alilitumia katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, nalo limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya shokoa. Mwambao uliopitiwa na misafara ya watumwa kwenda Kilwa haukuhitaji kufafanuliwa shokoa ni nini.

Linalotushughulisha zaidi ni sarufi. Kanuni ya shuleni hutosheka kusema kwamba viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA, na kwa hiyo swali la roboti huishia kwenye kuchagua kati ya *roboti hii imesimama* na *roboti huyu amesimama*. Kwa maoni yetu uchaguzi huo ni mwepesi mno. Ugumu uko kwenye kimilikishi. Twasema *mbwa wangu*, *ng'ombe wangu*, *askari wangu*. Lakini twasema *ndugu yangu*, *rafiki yangu*, *jirani yangu*, na, jambo la kuzingatiwa, *adui yangu*. (Wapo wazungumzaji wanaochanganya, lakini mwelekeo wa lugha sanifu ni huo.) Orodha hii ya pili ina sifa moja: aliye rafiki yangu, nami ni rafiki yake, aliye adui yangu, nami ni adui yake. Umbo *yangu* linapoambatana na kitenzi chenye *a-* halitaji mali, linataja uhusiano wa pande mbili.

Basi tuzipange sentensi tatu: *roboti yangu imeharibika*, *roboti wangu amechoka*, *roboti yangu amekataa*. Ya kwanza ni ya kitu, ya pili ni ya mnyama au mtumishi, ya tatu ni ya mwenzi au hasimu. Mwenye roboti anaweza kuanza na *roboti yangu* na kumaliza na *roboti yangu* asitambue kwamba maana imehama chini ya ulimi wake. Kitenzi ndicho kinachomsuta.

Ndondocha hupita njia nyingine. Kisarufi hakuwahi kuwa kitu: hata anayemfuga hawezi kusema *ndondocha hii imelima* bila kuivunja lugha. Anaweza kumnyima jina, kaburi na ulimi. Kiambishi *a-* hawezi kumnyima. Kwake yeye ni *ndondocha wangu*. Kisha mfugaji hufa au hufichuliwa, aliyefichwa huonekana akitangatanga, na jamaa aliyemzika humtazama na kusema *ndugu yangu*. Hapo ndipo umilikaji unapokatika, kwa badiliko la silabi moja, kabla ya mganga wala mzee yeyote kuitwa. Hata hivyo si ndondocha aliyesema. Ulimi hana. Uhuru wake hutamkwa na mwingine, na hili ndilo linaloifanya hadithi iwe nzito kuliko visa vingi vya mashine zinazoasi.

Ukiilinganisha na riwaya ya Kazuo Ishiguro, *Klara and the Sun* (2021), utaona kinyume chake. Klara, roboti aliyenunuliwa ili awe mwenzi wa binti mgonjwa, husimulia mwenyewe. Huficha mpango wake, huenda ghalani kuliomba Jua, na mwisho huachwa uwanjani penye mashine zilizotupwa. Katika nafsi ya kwanza Kiswahili hakina la kuuliza: *ni-* ni moja kwa kila anayesema. Mfasiri atapata shida pale binadamu wa riwaya wanapomtaja. Mtunzi amewaita roboti hao marafiki wa bandia, na rafiki huchukua *yangu*. Je, mama wa binti aseme *Klara wetu* kwa sababu ndiye aliyelipa? Na binti anapoagana naye akienda chuoni, mfasiri akiandika *rafiki yangu*, msomaji wa Liuli ataisikia *yangu* ipi?