Heshima kwa Wasanifu wa Tovuti

Mtu anapoomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kwa simu, akajaza fomu na kulipa ada pasipo kumwuliza yeyote, ni nadra kukumbuka kwamba wepesi ule ni tunda la taabu ya fundi asiyemjua. Msanifu wa tovuti ndiye aliyetafakari kitufe kikae wapi na kiwe kipana kiasi gani hata kidole gumba kisikikose. Ndiye aliyepima rangi za maandishi, kwani kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 2008 zataka tofauti ya mng'ao baina ya herufi za kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, ili mwenye macho dhaifu naye apate kusoma. Kila picha yenye maana huiandikia maelezo ambayo wengi wetu hatuyaoni kamwe, lakini kipofu husomewa na programu yake.

Lililo zito zaidi, kwa rai yangu, ni ile subira ya kuketi kando ya mtumiaji na kumtazama akihangaika, pasipo kumwelekeza hata kwa ishara. Hapo msanifu huuona mpangilio alioukeshea ukimtatiza mzee wa watu, anayebonyeza mara kwa mara picha isiyo kitufe. Naye huufuta, japo aliupenda, akaanza upya. Hivyo ndivyo ubunifu wake unavyokomaa.

Enyi mnaowaajiri mafundi hawa, wapeni muda wa kuijaribu kazi yao kwa watu kabla ya kuitangaza.