Silabi imejaa njano, kichwa ni tupu

Wandugu wasomi, nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka nilipomaliza lisansi ya agronomia, mama mmoja aliniita kwenye shamba lake karibu na Baraka. "Mwanangu agronomu, juu ya nini mihogo yangu inakunja majani na inakuwa manjano-manjano? Miti nilikatia kwa jirani, na yake iko vile vile."

Jina la ugonjwa lilikuja haraka: mozaiki. Lakini unaenea namna gani, na mama afanye nini? Nilikumbuka kwamba jibu lilikuwa kwenye silabi, ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro, na nililipaka stabilo ya njano. Rangi niliikumbuka, maneno hapana. Nikamwambia, "Mama, nitarudi."

Na yeye alikuwa amenipa nusu ya jibu! Mozaiki huenezwa na nzi weupe wadogo, na pia na miti ya mbegu iliyokatwa kwenye shina gonjwa. Dawa ya kuuponya hakuna: unang'oa mihogo iliyougua, unapanda miti mizima ao aina inayovumilia. Hapa Fizi muhogo ndio bugali, na majani yake ndiyo sombe. Kukosa jibu lile si mchezo.

Stabilo inadanganya kwa sababu inatupa raha ya kazi iliyokwisha. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Wengine waliyasoma tena, wengine walifunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wale wengine 42. Mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake walilinganisha mbinu 10 za kujisomea. Kupaka rangi kulipewa faida ndogo. Kujiuliza maswali na kugawanya masomo kwa siku nyingi kulipewa faida kubwa.

Sasa tuje kwenye rezume za WhatsApp. Mmoja anasoma silabi nzima, anaandika kurasa 6, promosio yote inapokea. Nani amejifunza? Ni yule aliyeandika. Sisi wengine tunapaka njano juu ya kazi ya mwenzetu.

Na makosa nayo yanasafiri. Rezume moja tuliyosomea ilisema muhogo hupandwa mita 1 kwa sentimita 10. Ilikuwa 100, sifuri moja ilianguka. Wengi wetu tuliandika 10 kwenye mtihani, sisi watoto wa wakulima, ambao tangu utoto tunapita kati ya mistari ya mihogo! Rezume mbaya ni kama mti wa mbegu wenye mozaiki: kila anayekatia pale anapeleka ugonjwa kwake.

Najua mtasema fotokopi ni bei, umeme unakatika, maktaba ziko wapi. Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi tuache kugawana. Tubadilishe tunachogawana. Kila mtu alete kwenye kikundi maswali 3 ya sura moja, bila majibu. Wengine wajibu kwa odio, silabi ikiwa imefungwa. Kisha tufungue, tusahihishane, tubishane hata. Baada ya siku 3 maswali yale yale yarudi, na baada ya juma moja tena. Stabilo ikae mpaka usomaji wa pili, mistari michache tu, na pembeni ya kila mstari uandike swali lake.

Kwa yule mama nilirudi baada ya siku 4. Alikuwa ameshapanda kipande kingine, na miti ileile ya jirani.