Kununua au Kupanga? Uhakiki wa Dhana ya Kitabu cha Kielektroniki katika Maktaba za Sheria za Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inahakiki dai kwamba kitabu cha kielektroniki ni kitabu kilekile kilichopunguziwa uzito wa karatasi. Kwa kuzingatia mahitaji ya maktaba za sheria za Bujumbura, inadai kwamba neno "kununua" linaficha mkataba wa upangaji, na kwamba upangaji usio na masharti unaweza kuziondolea mahakama matoleo ya zamani ambayo bado zinayahitaji.

1. Utangulizi

Hoja za watetezi wa vitabu vya kielektroniki zina uzito. Burundi haina bandari ya bahari, na kitabu kilichochapwa Paris au Brussels huongezeka gharama njiani. Tangu Gitega ifanywe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, taasisi za dola zimegawanyika kati ya miji miwili, ilhali Chuo Kikuu cha Burundi kimebaki Bujumbura. Kitabu kinachofunguliwa kwenye kompyuta humfikia pia hakimu aliye Makamba. Faida hizo hazipingwi hapa. Kinachohojiwa ni msamiati unaotumika kuzieleza.

2. Mnunuzi na mpangaji

Maktaba inaponunua kitabu cha karatasi, humiliki nakala hiyo: huiazimisha, huibadilishia jalada, na huitunza rafuni kwa miaka 50 ikitaka. Kwa kitabu cha kielektroniki, aghalabu hupata leseni tu, yaani ruhusa ya kukitumia kwa masharti ya mchapishaji. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta riwaya za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wasomaji waliokwisha kuzilipia, ikawarudishia fedha zao. Mwaka 2011 HarperCollins iliziwekea maktaba sharti kwamba nakala ya kielektroniki ikishaazimwa mara 26, leseni ilipiwe upya. Kwa Kiswahili cha kawaida, anayelipia kitu ambacho mwenyewe anaweza kukichukua wakati wowote haitwi mnunuzi, huitwa mpangaji. Afisa anayeandika "ununuzi wa vitabu" katika bajeti, huku akitia saini mkataba wa upangaji, anawapotosha wanaoidhinisha fedha hizo.

3. Sheria iliyofutwa bado inafanya kazi

Katika taaluma nyingi, toleo jipya hulistaafisha la zamani. Katika sheria sivyo. Burundi ilikuwa na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1981, ikafuata ya mwaka 2009 iliyofuta adhabu ya kifo, kisha ya mwaka 2017. Kosa hupimwa kwa sheria iliyokuwapo lilipotendwa, na sheria ya baadaye humfaa mshtakiwa ikiwa ni nafuu kwake. Hivyo wakili hana budi kulinganisha matoleo.

Katika ardhi, jambo hili ni zito zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2011 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1986. Hata hivyo, familia iliyokimbilia Tanzania mwaka 1972, ikarejea baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 na kukuta shamba lake likilimwa na mwingine, haiwezi kuamuliwa kwa sheria ya 2011 pekee. Ni lazima ijulikane anayelilima alilipata lini, kwa hati gani, na chini ya sheria ipi. Mkusanyo unaoonyesha toleo la karibuni tu humpa hakimu jibu la leo kwa swali la jana, na anayepoteza hapo ni mwenye shamba.

4. Lugha ya vinavyopangwa

Wachapishaji wakubwa wa vitabu vya sheria huuza vya Kifaransa na Kiingereza, ilhali mdai wa kawaida nchini Burundi huzungumza Kirundi. Bajeti ikiisha katika leseni, hakuna kinachobaki kwa tafsiri na fafanuzi za Kirundi au Kiswahili. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Hatua kama hiyo huhitaji vitabu ambavyo muuzaji wa mbali hana sababu ya kuviandaa.

5. Hitimisho na mapendekezo

Mambo mawili yatenganishwe. La kwanza ni matini za sheria na hukumu. Mkataba wa Berne unaziachia nchi uamuzi kuhusu ulinzi wa hakimiliki kwa matini rasmi, na Kenya Law na TanzLII zinaonyesha kuwa umma unaweza kuzisoma bure. Burundi haina sababu ya kupanga sheria zake yenyewe. La pili ni vitabu vya ufafanuzi. Hivi vinaweza kupangwa, ila mkataba uipe maktaba haki ya kuhifadhi kila toleo linaloondolewa, hata baada ya leseni kwisha. Pale mchapishaji anapokataa sharti hilo, nakala moja ya karatasi inunuliwe na ibaki Bujumbura. Maktaba moja ina sauti ndogo mbele ya mchapishaji. Maktaba za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, zikijadiliana kwa pamoja zitasikika.