Usalama, Ulinzi na Hifadhi katika Mwongozo wa FreeBSD

Mwongozo wa FreeBSD, mfumo endeshi uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1993, husifiwa na mafundi, na sifa hiyo ni haki yake. Mfumo endeshi, kwa asiyelizoea neno hili, ni programu kuu iitawalayo kompyuta na kuziamuru programu nyingine. Hapa twautazama mpango wa mambo ya usalama tu, maana ndipo msomaji anapopotea.

Imo sura nzima iitwayo Usalama. Yaelezwa humo maneno ya siri, kuingia katika kompyuta kutoka mbali, uandishi wa mafumbo, na matangazo ya kasoro zilizogunduliwa. Lakini kuwafungulia watumiaji akaunti kumefunzwa huko nyuma, katika sura ya misingi. Kusasisha mfumo kuna sura yake. Kuchuja mawasiliano kumepelekwa katika sehemu ya mitandao. Na kuweka nakala za akiba kumo katika sura ya diski. Fundi mzoefu haoni taabu. Mwanagenzi ataisoma sura ya Usalama hadi mwisho, akifunge kitabu akidhani kazi imekwisha, wala hana nakala hata moja.

Asili ya kosa, kwa maoni yetu, ni neno. Kiingereza kimelitwika neno moja mizigo ambayo Kiswahili huigawa: usalama ni hali, ulinzi ni kazi, hifadhi ni kukiweka kitu kisipotee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 kilionyesha kwamba programu yaweza kusema Kiswahili. Atakayeutafsiri mwongozo huu asiandike "usalama" kila mahali, akauhamisha mchafuko pamoja na maneno.

Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero hajengi dungu uani kwake. Hulijenga shambani, ndege na nguruwe wanakoingilia. Basi ulinzi wa akaunti na ufunzwe pale akaunti inapofunguliwa. Kutawanya si kosa. Kosa ni sura moja kujiita Usalama kana kwamba imekusanya yote. Na iwe fupi, imwonyeshe msomaji ulinzi uko wapi na hifadhi iko wapi, kisha imwache aende.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Tangu mwaka 1996 Taasisi ya Afya ya Ifakara imeandikisha vizazi, vifo na uhamaji katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, na kumbukumbu za namna hiyo zikipotea hazirudi. Wafu hawahesabiwi mara ya pili. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imemtwika wajibu kila azishikaye habari za watu. (Sheria, angalau, imelichagua neno lililo sawa.) Karani wa zahanati akikabidhiwa kompyuta aitunze, ataanza kwa kuuliza nakala ya jana iko wapi, wala hatafikiri kuitafuta katika sura ya diski.