Tywin Alikosea Kuinyima Duskendale Hati

Kila ukizuka mjadala wa Uasi wa Duskendale, kisa cha kubuni cha ulimwengu wa Ice & Fire, lawama zote humwangukia Bwana Denys Darklyn: kaponzwa na mkewe, kamteka mfalme, kauangamiza ukoo wake. Kumteka Mfalme Aerys kulikuwa wendawazimu na sina neno la kumtetea. Lakini mambo yaliharibika kabla ya hapo, siku maombi ya hati yalipofika kwa Mkono wa Mfalme, yaani waziri wake mkuu, Tywin Lannister, naye akayakataa katakata. Huo ndio uamuzi mbovu wa mwaka 277.

Turudi kwenye maombi yenyewe. Denys alitaka mji wake upate hati ya kifalme, ujiendeshee baadhi ya mambo yake, na ushuru wa bandari ushuke ili uweze kushindana na King's Landing. Enzi za kale Duskendale ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya ghuba ya Blackwater. Mji mkuu ulipokua, meli zikahamia huko na utajiri ukaenda nazo. Na aliyeomba hakuwa mkorofi wa kuzaliwa. Darklyn saba walivaa joho jeupe la Walinzi wa Mfalme, na hakuna ukoo mwingine uliofikisha idadi hiyo.

Hoja ya Tywin ni kwamba akimpa mmoja, wote watadai. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu mlango ulikwisha kufunguliwa miaka 90 nyuma. Dorne ilipoingia katika himaya mwaka 187, Mfalme Daeron wa Pili aliiachia sheria zake na haki ya kukadiria na kukusanya kodi yake yenyewe, Red Keep, ngome ya mfalme, ikikagua mara mojamoja tu. Najua mtaniletea Daemon Blackfyre, aliyemwasi Daeron baadaye. Daemon alikitaka kiti cha enzi, na siku ya Redgrass Field askari wa Dorne walipigana upande wa Daeron. Huyo ndiye mfalme aliyejua faida ya kumwachia mtu kidogo ili abaki wako, na sitachoka kulisema hilo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Tywin alilijua somo hili vizuri. Alipokuwa Mkono alipunguza ushuru wa meli katika bandari tatu: King's Landing, Oldtown na Lannisport. Wafanyabiashara wakamshangilia, na walikuwa na haki. Lakini itazameni hiyo ya tatu: Lannisport ni mji wa nyumbani kwake. Nafuu aliyoiona ni sera nzuri chini ya ngome yake ya Casterly Rock, kwa Darklyn akaiona ni hatari kwa himaya.

Tena hati ni biashara, na biashara huwa na bei. Tutazame historia halisi: mwaka 1199 Mfalme John wa Uingereza aliwapa watu wa London haki ya kujichagulia masherifu, nao wakabaki na wajibu wa kulipa pauni 300 kila mwaka kwenye hazina. Mwezi Mei 1215, akiwa amebanwa na makabaila wake, akawaongezea haki ya kuchagua meya kila mwaka. Mfalme alijua atapata nini, mji ukajua utadaiwa nini. Tywin angeweza kumwambia Denys alete kiasi maalumu kwa mwaka, hati iwe ya muda, na mfalme ajaye awe na uhuru wa kuihuisha au kuifuta. Hakutaja hata bei. Mfalme Jaehaerys wa zamani na Mkono wake, Septon Barth, wasingemwachia bwana wa bandari aondoke mikono mitupu hivyo. Jaehaerys alizunguka himaya kusikiliza watu.

Yaliyofuata mnayajua. Denys akagoma kulipa kodi, akamwalika mfalme. Tywin akamshauri Aerys akatae kwa ukali, na Aerys, aliyekuwa tayari amemchoka Mkono wake, akaenda kwa sababu hiyo hiyo, akatekwa. Mlinzi wa Mfalme Barristan Selmy kupanda ukuta usiku na kumtoa ni kazi safi, haina mjadala. Lakini aliyetoka baada ya nusu mwaka gerezani hakuwa Aerys yule, na hakutoka tena Red Keep kwa miaka minne.

Maester Yandel, msimulizi wa kisa hiki, anauita ukataaji ule jambo la kueleweka, kisha anamtwika lawama Serala, mke mgeni wa Denys kutoka Myr aliyechomwa moto akiwa hai. Kitabu chake kimetabarukiwa kwa Mfalme Tommen, mjukuu wa Tywin. Wanaomhusudu Tywin kwa sababu ya Charles Dance kwenye televisheni wanameza maneno hayo bila kuyatafuna.

Fungueni tena sura ya Aerys wa Pili katika The World of Ice & Fire. Someni habari ya bandari tatu, kisha ya Duskendale, halafu mniambie bandari ya nne ilikosa nini.