Heko kwa Watetezi wa Usingizi

ALPA, chama cha marubani kilichoasisiwa Marekani mwaka 1931, kinastahili pongezi kwa kuufanya usingizi kuwa suala la sheria. Ndege ya Colgan Air ilipoanguka karibu na Buffalo mwaka 2009 na kuua watu 50, mjadala wa uchovu ulipamba moto, nacho chama kikashikilia kwamba kanuni zifuate sayansi. Tangu Januari 2014, rubani wa ndege za abiria nchini Marekani hupewa mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, 8 kati yake zikiwa nafasi ya kulala bila kusumbuliwa. Wapinzani walilalamikia gharama, na kwa hoja hiyo ndege za mizigo zikaachwa nje. Lakini uchovu haubagui abiria na shehena. Anga ni moja. Kazi iliyobaki ni kuziingiza ndege za mizigo katika kanuni hizo.