Kusahihishana au Kusomeana? Juu ya Istilahi za Uandishi wa Insha

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zitumikazo pale mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari anapowataka wanafunzi waandike insha kwa hatua, kisha wabadilishane maandishi yao kabla ya kuyakabidhi kwake. Huenda msomaji akauliza Kiswahili kina haja gani na somo la Kiingereza. Haja ipo. Katika kata kama Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mara nyingi ametoka nyumbani na Kimatengo au lugha nyingine ya jirani, akasomeshwa kwa Kiswahili shule ya msingi, na Kiingereza kikawa lugha yake ya tatu. Insha ataiandika kwa Kiingereza, lakini maongezi na mwenzake juu ya insha hiyo yatapita katika Kiswahili. Kwa hiyo atakalolifanya juu ya karatasi ya mwenzake hutegemea sana jina la Kiswahili alilopewa kwa kazi hiyo.

Kuhusu andiko la awali hatuna ugomvi mkubwa. Wako wanaoliita muswada, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya karatasi iliyotiwa weusi, na kwa kweli ndivyo karatasi hizo zilivyo. Lakini muswada umekwisha kuchukuliwa na Bunge na wachapishaji vitabu. Rasimu yafaa zaidi. Tangu Tume ya Mabadiliko ya Katiba ilipotoa rasimu ya kwanza mwezi Juni 2013, na ya pili Desemba mwaka huo huo, wananchi wengi wamezoea kwamba rasimu ni kitu cha kutolewa maoni, na kwamba baada ya maoni huja nyingine. Mwalimu hana haja ya kueleza zaidi.

Ugumu uko katika kazi ya yule mwenzi. Darasani husikika zaidi 'sahihishaneni'. Neno hili tunalipinga. Kusahihisha ni kulifanya jambo liwe sahihi; anayeambiwa asahihishe hutafuta makosa, na asiyekijua Kiingereza vizuri hutafuta yale anayoyaweza: nukta, herufi kubwa, tahajia. Hoja ya insha haiguswi. Tena, mwanafunzi aliyeshika kalamu nyekundu huigiza mwalimu, hata kwa kutoa alama, na mwenye insha huipokea karatasi yake kama hukumu. Rasimu ya pili huwa ni ya kwanza iliyonakiliwa kwa mwandiko safi.

Wataalamu wengine wamependekeza 'uhakiki wa rika'. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, na inachechemea miguu yote miwili. Rika ni habari ya umri, ilhali katika darasa moja wanaweza kukaa wanafunzi waliopishana miaka mitatu au minne. Kinachowaunganisha ni kazi moja. Uhakiki nao, kwa mwanafunzi, ni wa riwaya na tamthilia zilizokwisha kuchapwa. Na kwa mzazi wake, tangu zoezi la vyeti vya watumishi wa umma lililowaondoa wengi kazini mwaka 2017, ni neno la kumtafuta mwenye kughushi. (Wapo pia wasemao 'wenza', wakisahau kwamba kwa watu wengi neno hilo huwaleta wake wa mume mmoja.)

Sisi tunapendekeza kusomeana. Kitenzi chetu kina viambishi vyake: soma, somea, someana, kama vile wakulima walimianavyo mashamba kwa zamu. Ndani yake mna kufanya kwa ajili ya mwingine, na mna kurudishiana. Itasemwa kwamba kusomeana ni kusoma kwa sauti tu. Na kwa nini isiwe hivyo kwanza? Anayeisikia insha yake ikisomwa na mwenzake hujua mara moja mahali msomaji alipokwama, kabla haijatolewa sababu yoyote ya sarufi. Maoni yatafuata: nimeelewa hapa, hapa sikuelewa, hoja hii umeiacha njiani.

Nomino 'usomeanaji' ni nzito, nasi hatuilazimishi. 'Kusomeana rasimu' kwatosha katika mwongozo wa mwalimu. Atendaye tumwite msomaji mwenzi. Msahihishaji abaki kuwa jina la mwalimu, na la wale wanaopewa mitihani ya Kidato cha Nne, ambayo mtahiniwa huandika mara moja tu.